UBAO MWEUSI WA JENERALI

Tarehe 5 mwezi wa saba mwaka 1960, siku tano nyuma ya kupandishwa kwa bendera ya uhuru, Jenerali Emile Janssens, mkubwa wa Force Publique, aliwakusanya askari katika kambi Léopold II mjini Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Akashika chaki. Juu ya ubao mweusi akaandika kwa Kifaransa maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni haya: kabla ya uhuru ni sawasawa na nyuma ya uhuru. Katikati aliweka ile alama ya hesabu, mistari miwili, ambayo kila mtoto wa shule anaijua.

Wandugu wasomaji, siku ile ile askari walianza kukutana kwa hasira, na kabla usiku haujapita kambi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilikuwa imekwisha kuasi. Juma moja halikutimia, na Kongo ikawa haina jeshi, Katanga imejitenga, na askari wa Ubelgiji wamerudi na bunduki katika miji yetu. Hatusemi kwamba chaki peke yake ilifanya mambo hayo yote. Nyumba iliyokauka inangoja cheche tu. Lakini tunataka tuiangalie cheche ile vizuri, maana siku za matata hazijaisha katika nchi hii wala katika kambi zetu za kazi, na wale wanaotuongoza, wakubwa wa Leta, wakubwa wa shimo, wakubwa wa vyama, hata delege wa wafanya kazi, wangali wanashika chaki ile ile.

Wako watakaotuuliza: ninyi makarani, mna nini na mambo ya majeshi? Tunajibu kwamba jeshi na shimo vinafanana kuliko watu wanavyofikiri. Pande zote mbili kuna watu wanaopewa amri na kuingia katika hatari mbele ya yule aliyeitoa amri. Pande zote mbili kuna kambi, posho, vyeo, na saa ya kuamka isiyo ya mtu mwenyewe. Na pande zote mbili neno likichelewa, watu wanakufa. Yule anayewasha baruti chini ya udongo hutoa alama kwanza. Haandiki barua ya kusomwa kesho. Kwa hiyo tunaona kwamba mambo ya askari yanatufundisha, maana kwao kosa la maneno linaonekana upesi, usiku mmoja tu, pahali ambapo katika kazi nyingine lingeonekana nyuma ya mwaka mzima.

Tuseme kwanza jambo moja la haki juu ya Janssens. Hakuwa mjinga, wala hakusema uwongo. Alikuwa ameongoza Force Publique tangu mwaka 1954, aliyajua majeshi, na aliamini kwamba askari, siku za mashaka, anataka kusikia neno moja lililo imara. Katika hilo alisema kweli. Mtu aliye gizani anataka kushika ukuta. Lakini ukuta aliowapa ulikuwa ule ule waliotaka uvunjwe.

Fikirini hali ya askari siku zile. Force Publique ilikuwa na watu karibu 25,000. Maofisa wake zaidi ya elfu moja walikuwa Wabelgiji, na ofisa Mkongo hapakuwa hata mmoja. Cheo cha juu ambacho mtu mweusi aliweza kukipata kilikuwa ajida. Tarehe 30 mwezi wa sita askari hao walisimama wima katika sherehe na kuona makarani wa jana wakipita katika motokaa kwa jina la ministri, na walimu wa jana wakiitwa depite. Nao? Jioni walirudi kambini kwa mkubwa yule yule. Zamani kidogo kabla ya uhuru barua zisizo na majina zilikuwa zimetokea katika magazeti ya Léopoldville, askari wakiuliza: uhuru huu ni wa nani? Barua zile zilisomwa, zikakunjwa, zikawekwa.

Na hapa tusimlaumu Mbelgiji peke yake. Serikali ya Bwana Lumumba yenyewe ilimwacha Janssens katika kiti chake. Wakubwa wetu walikuwa na kazi nyingi, kugawana viti, kutunga sheria, kupokea wageni, na walifikiri kwamba askari ni mtu wa kungoja. Hakuna aliyekwenda kambini kabla ya sherehe kuwaambia: tumesikia maneno yenu, mambo ya vyeo yataanza mwezi fulani, kwa njia fulani, na fulani ndiye atakayeyashika. Pengine wangenung'unika. Anayenung'unika amekubali kungoja kidogo. Lakini neno la kwanza waliloletewa juu ya swali lao ni lile la ubaoni.

Kisha angalieni namna majibu yalivyokuja. Siku ya pili, tarehe 6, Lumumba aliahidi kwamba kila askari atapandishwa cheo kimoja, na Janssens akaondolewa. Ahadi hiyo ilikuwa kubwa, tena ya kweli, lakini ilijibu swali ambalo halikuulizwa. Askari hawakuwa wakiuliza juu ya utepe mmoja wa mkononi. Walikuwa wakiuliza nani atatuamuru. Ukimpandisha kila mtu daraja moja katika ngazi, na yule wa juu anabaki yule yule, ngazi haikubadilika. Jibu lenyewe lilipatikana tarehe 8 tu, serikali ilipokata shauri kwamba jeshi litaongozwa na Wakongo: Victor Lundula, burgomestre wa Jadotville hapa kwetu, mji unaoitwa leo Likasi, akafanywa jenerali, na Joseph Mobutu akafanywa kolonele na mkuu wa wasaidizi wake. Lilikuwa jibu la haki. Lilikuja siku tatu nyuma ya saa yake.

Siku tatu si nyingi, mtasema. Katika kazi ya kila siku, kweli si nyingi. Lakini siku za hofu zinahesabiwa kwa saa. Katika siku tatu zile Wazungu wa Léopoldville walikuwa wamekwisha kuvuka mto kwenda Brazzaville wakibeba watoto. Waliokimbia walisimulia mabaya waliyoyaona, na mengine waliyoyasikia tu. Kila upande ukaogopa kwamba upande mwingine utapiga kwanza. Sisi wa Katanga tunajua mwisho wa hadithi hiyo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, moto ulifika kambi Massart mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, na watu wakafa. Tarehe 10 askari wa Ubelgiji waliingia mjini. Tarehe 11 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 12 Kasavubu na Lumumba, rais na ministri wa kwanza wa nchi, walikuja kwa ndege wapate kusema na watu, wakakatazwa kutua Elisabethville. Walikuja wenyewe, ndiyo, na ni sifa kwao. Lakini uwanja ulikuwa umefungwa. Walizunguka juu ya kichwa cha watu waliotaka kusema nao, wakarudi.

Kama tungeulizwa tuchague picha moja ya mwaka ule, hatungechagua ile ya sherehe. Tungechagua ndege ile.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba onyo lilikuwa limekwisha kutolewa miaka kumi na sita mbele. Mwezi wa pili mwaka 1944, askari wa Luluabourg, leo Kananga, waliambiwa wachanjwe. Wao walishika habari kwamba sindano ile ni mbaya, kwamba wakubwa wanataka kuwadhuru nayo. Wakakataa, wakavunja ghala ya bunduki, na damu ikamwagika. Wengine walicheka wakasema: tazameni ujinga wa mtu mweusi, anaogopa dawa. Sisi hatucheki. Mtu anayetendewa mambo miaka mingi pasipo kuelezwa, siku moja atajieleza mwenyewe, na maelezo yake yatatoka katika hofu yake. Habari ya uwongo haipandi katika udongo mtupu. Inapanda pahali ambapo mkubwa amenyamaza. Askari wale walikuwa na machungu mengine, ya mshahara, ya kazi, ya dharau. Sindano ilikuwa mlango tu ambao machungu yalipitia.

Na miaka miwili na kitu kabla ya Luluabourg, wazee wetu wa hapa waliona namna nyingine ya mkubwa kusema na watu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941 wafanya kazi wa Elisabethville waligoma, kwa kuwa vita ilipandisha bei ya vitu na mshahara ulikaa pale pale. Waliitisha maneno. Walipewa risasi, tarehe 9, na makumi ya watu walilala chini. Wale waliopiga walikuwa askari weusi, ndugu zao. Tunawaomba wazee wanaokumbuka hadithi hiyo kwa baba zao wawasimulie vijana, maana katika vitabu vingi vya shule imeandikwa kwa herufi ndogo sana, kama imeandikwa.

Sasa tuwaoneshe mkubwa wa askari aliyeweza. Hatumtafuti kwetu, kwa kuwa tunataka mfano usio na chama wala kabila. Alikuwa Mwingereza, Jenerali William Slim. Mwaka 1942 Wajapani waliwafukuza watu wake kutoka Burma mpaka mipaka ya India, safari ya kilometa karibu 1,500 kwa miguu, mvua na homa. Lilikuwa jeshi lililoshindwa. Chini ya miaka mitatu likawa jeshi lililoshinda. Katika jeshi lake kulikuwa Wahindi, Wagurka, Waingereza, Waafrika wa magharibi na wa mashariki. Divizio ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake walisema Kiswahili kama chetu, ilipigana huko mwaka 1944, na hospitali ya jeshi kutoka Kongo yetu ilikwenda kuwatumikia. Kwa hiyo mambo haya si ya mbali sana.

Slim alifanya nini? Alikuwa akienda mwenyewe kwa watu, akipanda juu ya jeep, akisema maneno machache ya wazi. Hakuwaambia kwamba mambo ni mazuri. Aliwaambia kwamba vita ya Ulaya inatangulia, kwamba silaha na vitu vizuri vitakwenda huko kwanza, na kwamba wao watapewa kilichobaki. Kisha aliwaambia watafanya nini na kilichobaki. Angalieni vizuri, wandugu: alitoa habari mbaya yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla haijawafikia kwa njia ya minong'ono, na pamoja nayo akatoa kazi ya kufanya. Habari mbaya ikiletwa na mwenyewe inauma mara moja. Ikiletwa na upepo inauma kila siku, kila mara kwa sura mpya.

Na jambo la pili la Slim litawapendeza wale wanaojua maana ya posho. Kila mara vikosi vya mbele vilipokuwa na nusu ya chakula, aliamuru maofisa wa biro yake nao wale nusu. Amesimulia mwenyewe, katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, kwamba hesabu ya chakula kilichookolewa ilikuwa kidogo. Lakini vijana wa biro, wenye matumbo mazima, walifanya haraka sana kutafuta njia ya kupeleka chakula mbele! Tunacheka, lakini tufikiri kidogo. Siku mshahara wa wachimbaji unapochelewa, je, mshahara wa wakubwa wa biro unachelewa nao siku ile ile? Sisi tunaoshika vitabu vya mishahara tunaona mengi. Hatusemi zaidi.

Wafaransa nao walipata uasi wao mwaka 1917, nyuma ya shambulio la Jenerali Nivelle lililoua watu wengi sana pasipo faida. Jenerali Pétain alipoletwa, aliadhibu kwa ukali, na watu wakapigwa risasi, hatulifichi. Lakini vilevile alitembelea divizio nyingi, akauliza juu ya chakula, akaagiza likizo ishikwe kweli, siku 7 kila miezi minne, kwa kuwa likizo ilikuwa imeandikwa katika karatasi na haikuwafikia watu. Mtu huyo huyo mwaka 1940 alipeana mkono na Hitler, basi hatumweki ukutani. Tunachukua likizo tu: iliyo katika karatasi na iliyo katika mikono ya mtu si moja.

Watu wa Tanganyika walikuwa na nafasi ya kujifunza kwetu, hawakujifunza yote. Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka 1964, zaidi ya miaka miwili nyuma ya uhuru wao, askari wa kambi ya Colito karibu na Dar es Salaam waliasi. Sababu mnaweza kuzitaja ninyi wenyewe: mshahara, na maofisa Waingereza waliobaki juu yao. Kabla ya uhuru ni sawasawa na nyuma ya uhuru, ingawa pale hakuna aliyeandika ubaoni. Rais Nyerere alifichwa kwa muda. Ministri wake Oscar Kambona alikwenda kambini mwenyewe, katikati ya bunduki, akasikiliza na kusema nao. Hakuumaliza uasi, maana tarehe 25 serikali ilipaswa kuwaita askari wa Uingereza wauzime. Lakini alipata nafasi ya kupumua.

Lile tunaloliheshimu zaidi ni la nyuma yake. Nyerere hakusema kwamba jambo lilikuwa dogo, wala hakuwaita Waingereza kisirisiri. Aliwaambia watu wake waziwazi kwamba ilikuwa haya kubwa kwa taifa huru kuita askari wa mtawala wa jana. Mwezi wa pili akawaita wakubwa wa Afrika Dar es Salaam, akaliweka jambo mezani mbele yao. Jeshi la zamani likavunjwa, na mwezi wa tisa mwaka ule ule jeshi jipya likazaliwa kwa msingi mwingine. Wandugu, ni wakubwa wangapi mnaowajua ambao wamepata haya wakaitangaza, na pasipo kutafuta mtu wa kumtupia?

Turudi kwetu, kwa yule kolonele mpya wa tarehe 8. Mobutu alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika Force Publique mpaka mwaka 1956, kisha akaandika katika magazeti. Karani kama sisi. Msifikiri basi kwamba kila karani ni mtu mwema. Katika siku zile za moto, wanasiasa walipokuwa wakisema redioni na katika bunge, yeye alizunguka kambi kwa kambi, akisema na askari katika lugha yao, akijua majina na machungu. Wengine walishika viti. Yeye alishika watu. Tarehe 14 mwezi wa tisa mwaka 1960 aliwaweka wanasiasa pembeni, na tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka 1965 akaichukua nchi nzima, akakaa nayo mpaka 1997.

Tunalisema hili kwa wale wanaofikiri kwamba kwenda kwa watu na kusema nao ni kazi ndogo ya kuachia wadogo. Yule anayekwenda kambini siku ya matata ndiye kambi itakayemfuata, awe mwema au awe mbaya. Kama mwema anabaki biro, mlango uko wazi kwa mwingine.

Na Mobutu mwenyewe alisahau somo lililompa nguvu. Miaka ilipita, akakaa mbali na watu, Gbadolite na katika merikebu yake, na mishahara ya askari ikawa maji. Tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka 1991 askari wa Kinshasa waliinuka juu ya mshahara, wakavunja maduka, na raia wakawafuata. Uporaji ukaenea katika miji mingine. Lubumbashi na Kolwezi nazo zilipata sehemu yao. Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambazo bado zinapimwa kwa mwaka ule: kabla ya uporaji tulikuwa na hiki, nyuma ya uporaji hatukuwa nacho. Tangu 1960 mpaka 1991 miaka thelathini na moja ilikuwa imepita, na swali la askari lilikuwa karibu lile lile.

Sasa tuseme juu ya kazi yetu, maana hapo ndipo tunaposimama. Sisi makarani tunajua namna wakubwa wanavyosema na watu siku za taabu, kwa kuwa matangazo yao yanapita katika mikono yetu kabla hayajafika ukutani. Yanakuja kwa Kifaransa kirefu. Yanaanza kwa kusema kwamba direksioni imefikiri sana. Katikati yana neno moja linalobeba uzito wote, na neno hilo limefichwa ndani ya mengine kumi. Chini kuna sahihi ambayo haisomeki. Tunayapiga mashine, yanabandikwa mlangoni pa biro siku ya mwisho wa juma saa ya jioni, na aliyeyaandika amekwisha kupanda motokaa. Asubuhi ya siku ya kazi, mchimbaji anayetoka zamu ya usiku anasimama mbele ya karatasi ile na taa yake kichwani. Anamwuliza kapita. Kapita hakuambiwa neno. Kapita anaona haya kusema kwamba hajui, basi anabuni. Kufika saa sita mchana kambi ina habari tano, na hakuna hata moja iliyoandikwa katika karatasi.

Katika kampuni moja, ambayo hatuitaji, tuliona mshahara ukichelewa mwezi wa pili, na tangazo likasema tu kwamba mipango inaendelea. Wake wa kambi walisema shimo linafungwa. Wengine walianza kuuza vitanda. Ukweli ulikuwa kwamba fedha zilikawia njiani, na biro ilijua tangu siku ya kwanza. Sentensi moja ingeokoa vitanda vile: fedha hazijafika, tunazingoja siku fulani, zisipofika siku hiyo tutakuja kusema tena saa nne katika uwanja wa mpira.

Mtaona kwamba sentensi hiyo haina ahadi ya uwongo. Wakubwa wengi wanaogopa kusema "hatujui bado", wakifikiri watadharauliwa. Lakini mtu anayesema "hatujui bado, tutakuja tena siku fulani", kisha akaja siku hiyo, hata kama hana habari mpya, watu wanaanza kumwamini. Asiporudi siku aliyoitaja, heri asingeitaja.

Maneno haya yanawahusu vilevile delege na wakubwa wa vyama, na sisi wa gazeti hili tukiwa kati yao. Ni rahisi kumlaumu Janssens. Lakini tunaona wanasiasa wetu wanaofika kambini siku za kura, pamoja na ngoma na vitenge, na siku ya taabu wanatuma mtu. Tunaona delege anayetoka katika mazungumzo na direksioni saa kumi na kuwaeleza wenzake siku tatu nyuma yake, mwingine kwa namna hii, mwingine kwa namna ile, mpaka watu wanasema: hawa wamekula. Pengine hawakula kitu. Siku tatu za kunyamaza zimewala wao. Kwa hiyo tunawaomba: delege atoke chumbani aende uwanjani, jioni ile ile, aseme tuliyoomba, tuliyopewa na tuliyonyimwa. Mtu mmoja aseme kwa jina la wote, wengine wasimame karibu naye. Aseme Kiswahili, na yule anayejua Kiluba au Kibemba vizuri zaidi aelezwe na jirani yake. Kisha anyamaze, asikilize maswali mpaka yaishe, hata yale ya matusi, maana mara nyingi ndani ya tusi ndimo swali lenyewe limo.

Na kwa wenzetu wa mashine ya kuandika tuna ombi moja. Tangazo la mambo makubwa likiletwa mezani pako, ndugu, usipige tu na kubandika. Umwulize mkubwa kwa heshima: ni nani atakayelisoma kambini kwa kinywa, katika lugha gani, na saa ngapi? Akijibu, uandike jina hilo na saa hiyo chini ya karatasi, kwa herufi kubwa. Akikosa kujibu, acha nafasi tupu pale pale chini, iliyopigiwa mstari, ili wote watakaosimama mlangoni waione.